Ufunguo wa Kompyuta Namba Tatu

Walikutana stendi ya Sumbawanga, baridi ya asubuhi ikiwachoma, wote wawili wakigombea siti ya mwisho ya basi la Namanyere. Kalista, karani wa halmashauri, alivaa sweta jekundu juu ya kitenge. Flavian, fundi wa intaneti kafe ya Mazwi, alimwachia siti, akasimama safari nzima na kujiona mwanaume kwelikweli.

Mapenzi yakahamia kwenye programu ya kuchati, ile ya bure inayoandikwa na watu wa kujitolea duniani kote. Tatizo, ofisini kwa Kalista kompyuta ilikuwa moja, ya wote.

"Leo wamesoma barua zako kwa sauti, mbele ya bosi," alilalamika kwenye simu. "Siandiki tena."

"Nipe miezi miwili, mama. Nitazitia kufuli."

"Wewe na maneno yako."

Akazitia kweli. Kila alipomaliza kazi alibaki peke yake akiiandikia programu hiyo kufuli, akikosolewa na wale wa kujitolea asiowajua, mpaka wakaikubali kazi yake. Kila mmoja akawa na ufunguo wake, faili dogo tu lenye neno la siri, na bila huo ujumbe ulikuwa herufi zilizovurugika.

"Ufunguo wangu ukibadilika, usijibu," alimfundisha. "Huyo si mimi."

Ijumaa moja Kalista aliandika ujumbe mrefu, kisha akaenda likizo kwao Mwimbi, ambako minara ya simu ilikuwa haijafika. Jumamosi, kabla hajausoma, Flavian alifuta kompyuta zote za kafe kwa sababu ya virusi, kama alivyozoea. Namba tatu ndiyo iliyokuwa na ufunguo wake. Nakala hakuwa nayo, yeye aliyelitengeneza kufuli lenyewe.

Akatengeneza ufunguo mpya, akaandika: "Nitumie tena." Simu yake haikupatikana, na jibu halikuja. Wiki nne alikula peke yake, akajiambia ameshamsahau Kalista, na haikuwa kweli.

Simu ikaita; Kalista alikuwa amerudi kazini.

"Flavian, kuna mtu ananiandikia kwa jina lako. Ufunguo si wako."

"Ni mimi, Kalista. Ule wa zamani niliufuta mwenyewe kwa bahati mbaya. Ujumbe wako sikuusoma. Uliandika nini, mpenzi?"

"Usiniite hivyo." Aliongea taratibu. "Nilikwambia Oswaldi, kijana wa kwetu Mwimbi, analeta posa Jumapili. Ukitangulia wewe kufika nyumbani, nitamkataa. Nilikaa mlangoni na sweta langu jekundu mpaka jioni."

"Na posa?"

"Niliikubali. Nilidhani umeshanijibu kwa kutokuja."

Mwezi uliofuata Flavian aliongeza onyo kwenye programu: weka nakala ya ufunguo wako. Watu wa nchi za mbali walimshukuru. Ujumbe wa Ijumaa bado anao. Hawezi kuufungua, na kuufuta hataki.