Kiganja Nyuma ya Kioo

Nilifika kwa mama jua likizama nyuma ya misonobari, nikiwa na matambara laini na mkate wa iliki. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kusafisha kioo cha meko yake ya gesi, ile ya ukutani ya kupashia sebule joto.

"Umekuja kunisalimia au kunikagua?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kufuta kioo, mama. Kimekuwa cheupe kama bakuli la uji."

"Uji ulikushinda tangu utotoni, Kaisa. Usiusingizie."

Nilicheka. Kisha nikaona kiti chake. Kilikuwa kimesogea tena, magoti yake yakikaribia kugusa kioo. Alikuwa amevaa koti la baba, na bado alikuwa akitetemeka.

Baba yangu, Reino, alikwenda kuvua kwenye barafu ya ziwa mwezi Machi. Barafu ikapasuka. Hawakumpata.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na bafu la mvuke, kama Wamarekani wengi wenye asili ya Ufini huku kaskazini mwa Minnesota. Kwetu, wa mwisho kutoka hazimi moto. Humwagia mawe ya moto kata moja ya maji na kusema, "Joto la mwisho ni lenu." Ni la wale wasioonekana. Baada ya msiba mama alilibomoa bafu. Desturi hakuibomoa. Aliihamishia sebuleni, kwenye meko, na kila akienda kulala aliacha moto ukiwaka.

"Joto la mwisho ni lako, Reino."

Ndipo, usiku mmoja, kiganja kilipotokea kwenye utando mweupe wa kioo. Kiganja kipana, kidole cha mwisho nusu. Msumeno ulimkata baba kidole hicho kabla sijazaliwa.

Kilikuwa upande wa ndani, ambako mkono haufiki kioo kikiwa kimebanwa.

"Tuelewane," nilimwambia mama jioni hiyo. "Nikifuta, kisirudi, kesho unahamia kwangu mjini."

"Na kikirudi?"

"Hakitarudi."

"Haya. Futa."

Nilizima gesi. Tukanywa kahawa hadi kioo kikapoa. Nikafungua vibano, nikakitoa, nikakilaza juu ya blanketi. Dawa maalumu ya kioo cha meko ilikuwa imekwisha. Chini ya sinki nikakuta dawa ya madirisha, ile ya bluu. Duane, fundi wa meko, alikuwa amenionya: hiyo usiitumie, ukiwasha moto, alama zilizobaki zinaungua humo milele.

Nilijua. Nilitumia.

Nilisugua mpaka bega likauma. Kiganja kikafifia... kikafifia... kikaisha. Nikarudisha kioo, nikabana vibano, nikawasha.

Fuu.

Kioo kikajaa mvuke. Hilo ni kawaida, meko ikiwa baridi hutoa jasho kwanza. Nikasubiri upotee.

Haukupotea.

Harufu ikaja. Maji ya ziwa. Majani yaliyooza chini ya barafu. Kisha sauti, nyembamba, kama kidole chenye maji kikiburutwa juu ya sahani.

Kiii...

Kiganja kikatokea. Kidole cha mwisho nusu.

"Umechelewa leo," mama alinong'ona. Hakuwa akisema nami.

Kando yake, polepole, kikatokea kingine. Kidogo. Chembamba. Kwenye kidole cha pete, mstari wa duara.

Nikamgeukia mama. Alikuwa kitini, mikono mapajani. Nikaushika wa kushoto, wenye pete. Ulikuwa umelowa. Baridi yake ilinipanda hadi kwenye meno.

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime, mwanangu." Macho yake yalikuwa yametulia kama ambavyo sikuwa nimeyaona tangu Machi. Hakuwa akitetemeka tena. "Sasa tuko wawili."

Kesho yake hakuja mjini. Makubaliano yalikuwa yangu mwenyewe, na kiganja kilikuwa kimerudi.

Duane alikuja kukagua. Akasema utando mweupe ni chumvichumvi za gesi, na hizo alama nimezichoma mwenyewe kwa dawa ya madirisha.

"Na pete?" nikamuuliza.

Akakusanya vifaa vyake. "Nunua kioo kipya, dada," akasema, bila kukitazama tena. Kahawa yake aliiacha mezani.

Sijanunua. Mama yu hai. Anakula, anatania, analala vizuri. Mkono wa kushoto tu ndio haupati joto, hata nikiushika saa nzima.

Namtembelea kila Jumamosi. Akishalala, mimi ndiye wa mwisho kutoka sebuleni. Husimama, mkono ukiwa kwenye swichi ya meko, na kuvitazama viganja vile viwili. Mara nyingine hudhani vimesogeleana.

Kisha huondoa mkono.

"Joto la mwisho ni lenu," nasema, na kuuacha moto ukiwaka. Kwa sababu sijui, nikiuzima, ni yupi kati yao atakayeganda.