Mtueni, Arudi Mwepesi

Msusi wa mtaa wetu alikuwa na mdomo usio na breki, na wateja walimpenda kwa hilo. Ukiketi kwenye kiti chake unasahau kichwa kinavyovutwa, maana mbavu zinakuuma kwa kucheka. Hakuwa na mume wala mtoto. Akiulizwa, alijibu kwamba mtoto anaye, tena mkubwa, anavaa kiatu kinachomzidi yeye. Alimaanisha mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye mama yao alimwachia akiwa bado ananyonya. Alimlea, akamsomesha, akamwoza. Alimwita Kitinda, na mtaa mzima ukafuata.

Huyo Kitinda alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila kushika mtoto wake mikononi. Mimba ziliingia na kutoka mpaka akaacha kuwatangazia watu. Hii ya mwisho ndiyo iliyokubali kukaa. Tumbo lilipochomoza, dada yake hakulala vizuri tena. Alimkataza kuinama, kufua na hata kufunga kamba za viatu. Lakini miguu ilimvimba, mgongo ukamkaza, na usingizi ukampaa.

"Huyu mpeleke ile hoteli ya ziwani," mteja mmoja alisema akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Wana spa. Wajawazito wana kitanda chao, wanalazwa ubavu na mito kila upande, wanakandwa taratibu. Shemeji yangu alitoka huko anatembea kama msichana."

Msusi hakungoja. Mteja akamtajia namba kwa kichwa, naye akaipiga hapo hapo, simu kaibana begani, vidole vimo kwenye nywele za mtu. Iliita sana. Ilipopokelewa hakusikia haloo. Alisikia maji, kama mtu anayesuuza kitu kwenye beseni, kisha sauti ya mwanamke.

"Tunapokea."

"Hapo sawa, mwenzangu! Nina mdogo wangu, mjamzito, amechoka. Nataka nimlete apumzike."

"Ana mzigo?"

Msusi akacheka. "Anao wa kutosha! Ungeliona tumbo lenyewe. Mtueni, jamani. Mtueni kabisa, arudi nyumbani mwepesi."

Saluni nzima ikacheka naye. Upande wa pili hakuna aliyecheka.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye dada, mimi ndiye mama. Nikisema nimesema."

"Basi umesema," ile sauti ikajibu, na simu ikakatika.

Walikwenda siku ambayo saluni haifunguliwi. Asubuhi ilikuwa nzuri, jua si kali, ziwa limetulia. Kitinda alivaa gauni pana alilolishonesha kwa ajili ya safari hiyo, akawa anajitazama kwenye kila kioo cha gari walilopita. Getini mlinzi aliwasogelea kwa heshima.

"Niwasaidie vitu vyenu, mama zangu?"

"Vitu?" Msusi akamtania, akampa begi la nguo. "Sema mzigo, baba! Begi zito hivi unaliita kitu?"

Mlinzi hakutabasamu. Alilichukua begi, akaangalia chini, akatangulia kimya mpaka mapokezi.

Mapokezi hakukuwa na mtu. Kulikuwa na meza, maua ya plastiki, na kengele ambayo msusi aliigonga huku akimtafuta mtu wa kuzungumza naye. Kabla hajaigonga tena, mwanamke alitokea kwenye njia ya kutoka ufukweni. Alivaa sare ya bluu, mikono ya sare imelowa hadi viwikoni. Hakumtazama msusi. Alitazama tumbo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye mwenyewe," msusi alisema. Aliitambua sauti ya kwenye simu, akafarijika.

Mwanamke akamgeukia Kitinda, akanyoosha mikono yote miwili kwa adabu, kama mtu yeyote anavyompokea mgeni.

"Nikupokee."

"Asante, nipokee," Kitinda akajibu, akaushusha mkoba begani ampe.

Yule mwanamke hakuugusa mkoba. Aligeuka, akaondoka, na Kitinda akamfuata, mkoba bado ukining'inia mkononi mwake. Msusi aliliona hilo. Alijiambia labda ndiyo taratibu ya mahali pale.

Akapata kiti kwenye baraza, akavua viatu, akanyoosha miguu. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni. Alikuwa akiwaza jina la mtoto, kwa kuwa aliahidiwa kwamba yeye ndiye atakayempa jina, na alikuwa na majina mengi kuliko nafasi. Usingizi ulianza kumchukua.

"Dada, samahani, mmefika zamani?"

Alikuwa mama mnene aliyebeba taulo zilizokunjwa, anahema. Alijitambulisha kuwa ndiye mkandaji wa hapo.

"Tumefika. Mdogo wangu ameshaingia na mwenzako."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule niliyeongea naye kwenye simu."

Mkandaji aliweka taulo juu ya meza. "Hapa kwenye spa niko peke yangu. Na mimi sijapokea simu ya mjamzito." Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Alikuambiaje?"

"Aliuliza kama ana mzigo."

Yule mama akashika ukingo wa meza.

"Na wewe? Ulijibu nini?"

Msusi akamwambia. Alipofika kwenye neno "mtueni," alijisikia mwenyewe sauti ikimpungua. Mkandaji hakumwacha amalize. Alimshika mkono, wakaanza kwenda, kwanza kwa kasi ya watu wenye haya, kisha mbio.

"Hapa hatulitamki neno hilo alilokuuliza," alinong'ona njiani. "Mgeni akija na masanduku tunasema vitu. Nilipoajiriwa sikuambiwa sababu, niliambiwa nisiseme. Kuna baba mmoja alitania kwamba ana mzigo wa mawazo, atuliwe. Alitoka huko anacheka. Mkewe na watoto walipomkimbilia, aliwaamkia kama wageni."

"Anawapeleka wapi?"

"Chumba cha mwisho. Mimi huwa sikitandiki."

Njia ilipita kando ya maji. Vyumba vya mwanzo vilinukia mafuta ya kukandia na sabuni. Kadiri walivyosogea, harufu hiyo iliisha. Ikaja ya matope. Msusi alikanyaga vigae kwa miguu mitupu, akahisi vimelowa. Vilikuwa baridi.

Mlango haukufungwa.

Kitinda alilala ubavu, shuka hadi kifuani, macho amefumba, anatabasamu. Mwanamke wa sare alisimama kando yake, amewapa mgongo. Sasa msusi alikiona alichokuwa hajakiona kule mapokezi. Shingo ya yule mwanamke ilikuwa imedidimia mabegani. Utosi wake ulikuwa umebonyea, umekuwa bapa, nywele zimelala duara. Hapo palikuwa pamekaa kitu. Palikuwa bado pamekaa kitu, ingawa hakikuonekana, kwa maana shingo ilitetemeka chini yake. Maji yalidondoka kutoka juu, tone moja moja, hadi sakafuni.

Mikono yake ilikuwa ndani ya shuka.

Tumbo la Kitinda halikuwa lile la asubuhi.

"Dada," Kitinda alisema usingizini. "Najisikia mwepesi."

  Msusi alinong'ona.

"Mwache."

"Ulisema nimtue."

"Nilikuwa natania."

"Nimeshaupokea."

Shuka lilishuka kidogo tena. Msusi aliona kabisa. Aliona umbo la tumbo likipungua polepole, bila damu, bila maumivu, na uso wa mdogo wake ukizidi kutulia. Huo utulivu ndio uliomtisha kuliko yote. Alijua kwamba Kitinda akiamka hivyo hatalia. Hatakumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa kuliliwa.

Mkandaji alikuwa amebaki mlangoni, anamvuta nguo.

"Tutoke," alinong'ona. "Tutoke, mama."

Msusi hakutoka. Sijui nani alimpa lile wazo. Labda ni shingo ile aliyoitazama, jinsi ilivyochoka. Alipiga hatua, akanyoosha mikono yake miwili, akasema kwa adabu aliyofundishwa na mama yake:

"Nikupokee wewe."

Mikono ndani ya shuka ikasimama.

"Mwachie wake," msusi akasema. "Nitwike mimi wa kwako."

 Tone likadondoka. Yule mwanamke akageuka taratibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Hakuwa na sura mbaya. Alikuwa mwanamke tu, amechoka, midomo inamcheza kama mtu anayejizuia kulia.

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema.

"Nipe."

"Asante," mwanamke akajibu. "Nipokee."

Kitu kikamshukia msusi utosini. Kizito. Cha baridi. Magoti yakampinda, akashika ukuta. Alihisi maji yakimpita nyuma ya masikio, lakini alipopapasa nywele zake zilikuwa kavu. Alipoinua macho, chumbani walikuwa watatu tu: yeye, mkandaji, na Kitinda aliyekuwa akijinyoosha na kupiga miayo, tumbo juu kama mlima, mtoto akirusha teke mpaka shuka likatikisika.

"Mbona sijakandwa?" Kitinda aliuliza. "Nimelala tu?"

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia mdogo wake hata akalalamika kwamba anaminywa.

Wakati wa kuondoka mkandaji alimvuta pembeni. "Nimeona alivyokutwika. Mtu akikuambia nikupokee, kataa. Ukimshukuru tu, ameubeba yeye."

"Nitakufa nao," msusi akajibu. Na alimaanisha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Msusi alimpa jina, akamnunulia nguo, akamwimbia. Lakini sisi majirani tuliona mabadiliko. Shingo yake ilikuwa ikizama. Utani ulikatika. Alisuka akiwa ameegemea ukuta, na mito yake, anayemfulia ndiye aliyesema, kila asubuhi ilikuwa na duara la unyevu lenye harufu ya ziwa. Aliacha kwenda sokoni. Unajua tulivyo watu wa hapa: ukimwona mtu mzima ana kikapu, lazima umkimbilie na umwambie nikupokee. Yeye alikuwa akikimbia watu. "Sina kitu, sina kitu," alijibu kwa ukali, hata wengine wakasema ameingiwa na kiburi.

Nyumbani kwa Kitinda akaacha kwenda kabisa, tangu siku aliyosikia kwamba mtoto ameanza kusema. Kitinda alilia, akatuma watu, akauliza amekosa nini. Hakujibiwa. Dada mtu angemwelezaje?

Mwishowe Kitinda alichoka kungoja, akamshika mtoto mkono, akaja naye saluni mchana bila kutoa taarifa. Msusi alikuwa ameinamia beseni, anamwosha mteja nywele, taulo lake mabegani, sabuni mikononi. Hakuwaona wakiingia. Alihisi tu taulo likivutwa na mkono mdogo, na sauti nyororo ikamfikia, ile ya mtoto aliyefundishwa vizuri nyumbani.

"Mama mkubwa, nikupokee."

Mdomo ule, ambao haukuwahi kungoja akili, ukajibu.

"Asante, mwanangu."

Shingo yake ikanyooka. Alihisi wepesi ambao alikuwa ameusahau, mtamu, mwili mzima, na hapo ndipo alipotoa yowe. Wateja wakaruka vitini. Kitinda alikuwa mlangoni akicheka kwa furaha: "Umemsikia mwanao alivyo na adabu?"

Msusi alipiga magoti kwenye maji na sabuni. Mtoto alikuwa amesimama wima, taulo mkononi, shingo imedidimia kidogo mabegani. Maji yalimtiririka usoni kutoka utosini. Mama yake aliinama kumfuta, akidhani amerushiwa ya beseni.

"Nirudishie," msusi alimnong'oneza. "Nikupokee, baba. Nikupokee, nakuomba."

Mtoto alimtazama. Akainua mkono wake mdogo, akashika kitu juu ya kichwa chake, akakiweka sawa.

"Wangu," akasema.

Saluni ile ipo mpaka sasa. Kando ya beseni, pale mtoto alipokuwa amesimama, pana nyayo mbili ndogo zisizokauka. Wamebadilisha sakafu, wamepiga rangi, wameweka zulia, zinarudi. Siku hizi si nyayo za mtoto tena. Zimekuwa zikikua.