Uji wa Bibi Agatha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Regina alimpikia bibi yake uji. Alitwanga makopa ya muhogo, akachekecha unga, kisha akakoroga chungu mekoni huku kaptula ya mdogo wake ikikaukia karibu na moto.

Bibi Agatha alikuwa na saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ilipogunduliwa ilikuwa imekwenda mbali. Alikwisha kuchomwa sindano za dawa mara mbili hospitalini, na nusu ya watu wa kijiji chao cha Chiwata walikuwa wamekwisha kumzika kwa midomo yao.

"Ugonjwa wa koo haukubali dawa," jirani yao, Mama Fakihi, alisema mlangoni. "Mwacheni mzee apumzike."

"Nipumzike nimechoka nini?" Bibi alijibu kutoka ndani. "Pumzika wewe, unayehangaika na koo la mwenzio!"

Regina alicheka. Lakini alikuwa ameona jambo. Mwanzoni Bibi alikunywa uji mzito. Baadaye akasema, "Mke mwenzangu, zidisha maji kidogo." Kesho yake akasema vilevile, na kesho kutwa. Sasa uji ulikuwa mwepesi hata maua yaliyochorwa chini ya bakuli yalionekana.

"Bibi, huu ni uji au maji?"

"Ni uji. Na usimwambie mtu! Mjomba wako amesema sindano zikishindwa hanirudishi hospitali. Mimi sijamaliza kuishi."

Siku ya kurudi hospitalini walipanda lori la mnunuzi binafsi wa korosho. Miaka hiyo ndiyo kwanza wanunuzi hao walikuwa wameanza kufika vijijini. Mjomba Ambrosi alikaa juu ya magunia, amenuna njia nzima.

"Shikamoo, mama," Daktari Abdulkadiri alisema walipoingia chumbani kwake hospitalini. "Uji unapita?"

"Marahaba, mwanangu. Unapita."

"Haukwami?"

"Haukwami. Salama kabisa."

Daktari alitabasamu. "Basi dawa inamkubali. Tutaendelea na sindano zilezile."

Regina alizijua sindano zile. Zilimtapisha Bibi mpaka akashindwa kusimama. Je, achomwe tena bure? Lakini akisema kweli, mjomba atamrudisha Bibi nyumbani akafe kwa njaa. Alikunja vidole vyake.

"Daktari, unapita kwa sababu ni maji. Mimi ndiye ninayeupika."

"Regina!" mjomba alifoka. "Wakubwa wanazungumza!"

"Anayelala na njaa ni Bibi, mjomba. Sinyamazi."

Bibi alimkata jicho. "Umeniuza, mtoto wewe."

Daktari aliagiza uji mzito kutoka jikoni. Bibi alimeza kijiko kimoja, akashika kifua, na uji wote ukarudi.

"Kumbe dawa imeshindwa," mjomba alisema akiinuka. "Twendeni nyumbani."

"Kaa, ndugu yangu," daktari alisema. "Imeshindwa dawa hii. Sikusema ameshindwa mama. Hakuna daktari anayemtazama mgonjwa usoni akajua mapema dawa ipi itamkubali. Tunaanza, tunapima, tunauliza, ndipo tunaamua. Mkinidanganya, napapasa gizani. Sasa nimejua. Tunaweza kumwekea mrija wa mpira mgumu kwenye umio ili chakula kipite. Hauondoi saratani, na siwezi kuahidi kwamba atapona. Lakini atakula."

Mjomba alifungua mdomo, Bibi akamwahi.

"Uweke. Koo ni langu."

Siku chache baada ya kuwekewa mpira ule, Bibi aliketi kitandani wodini akila boga lililopondwa. Alimeza taratibu. Halikurudi. Mjomba Ambrosi alikuwa kashika bakuli, akimtazama.

"Unanikodolea macho ya nini?" Bibi alimwuliza. "Ulifikiri nimekuja kuaga?"

Kisha akamgeukia Regina, ambaye tangu siku ile alikuwa akiogopa kumkaribia.

"Njoo, mke mwenzangu. Nilidhani kumficha daktari ndiko kupigana. Kumbe nilikuwa naufichia ugonjwa siri zake. Ukiumwa, au ukimwuguza mtu, sema kweli mbele ya daktari, hata wakubwa wakikutolea macho. Siku zilizobaki sizijui, wala Mama Fakihi hazijui. Ila nitazila nimeshiba."