Araba na Uzi Unaoingia Sikioni

"Kitendawili!"

"Tega, Nana!" anaitika Araba, mswaki bado mdomoni.

Ndivyo tunavyoanza siku nyumbani kwetu Mankessim. Mimi nafunga kenkey, madonge yangu ya unga wa mahindi ya kuuza, kwenye maganda ya mahindi, mjukuu wangu Araba anachochea moto. Mimi natega, yeye anategua. Hajawahi kunipa mji. Ukimwambia jambo mara moja, limeingia na halitoki tena.

Lakini mpe Araba karatasi yenye maandishi! Hapo utamwona anatoka jasho kama mtu aliyebeba gunia la mihogo.

Shuleni alirudia darasa mara mbili. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, nikadhani ni uvivu. Nikamsema. Kisha nikadhani ni macho, nikamnunulia miwani sokoni. Akaivaa wiki nzima, na herufi zikaendelea kumchezea.

Basi akaenda kujifunza ushonaji kwa Madam Quansah. Mkono wake ni mwepesi sana. Miaka mitatu ikapita, akawa anashona kuliko wenzake wote. Lakini mtihani wa kuandika akaanguka. Akarudia, akaanguka tena.

Hapa kwetu, fundi akihitimu kuna siku ya kuachiliwa. Madam anammwagia poda nyeupe kichwani, watu wanapiga kelele, na tangu hapo yuko huru kufungua duka lake. Bila cheti hakuna poda. Siku hiyo ilikuwa imepangwa mwezi wa kumi na mbili, na mtihani ulikuwa miezi miwili kabla yake.

"Nana," aliniambia, "nikianguka mara hii, wenzangu watamwagiwa poda, na mimi nitabaki kuifagia."

Alhamisi moja mwezi wa nane nilimpelekea chakula cha mchana kazini. Nikakuta kelele.

Mwalimu Mansa Eshun alikuwa amekuja kujaribu sketi yake ya msiba, nyeusi na nyekundu. Maziko yalikuwa Jumamosi. Sketi ilitakiwa ifike kwenye kifundo cha mguu. Ilikuwa imeishia katikati ya goti na kifundo.

"Araba!" Madam alifoka. "Hii ni sketi ya msiba au kaptula ya mpira? Nimeandika inchi arobaini na tatu, wewe umekata thelathini na nne!"

Wanafunzi wakacheka. Araba akainamisha kichwa.

"Samahani, Madam. Niliona thelathini na nne."

"Uliona! Macho yako yanaona ya kwao!"

Mwalimu Mansa hakucheka. Alifundisha watoto wenye shida za kujifunza, katika shule iliyo karibu na kanisa letu. Akauliza, "Madam, siku ukimtajia vipimo kwa mdomo, anakosea?"

Madam akafikiri. "Kwa mdomo? Hapana. Hata mara moja."

"Araba, sikiliza. Arobaini na tatu, thelathini na nane, kumi na sita, ishirini na saba, tisa, hamsini na mbili."

Araba akazirudia zote sita. Kisha, kwa maringo kidogo, akazirudia kuanzia mwisho.

"Ebo!" Madam akashika kiuno. "Mimi Madam wake nisingeweza!"

"Huyu si mvivu," alisema Mwalimu. "Ana disleksia. Akili yake ni nzima, macho yake ni mazima. Ila ubongo wake unapata kazi kubwa kuunganisha herufi na sauti zake. Wengine, kama Araba, huchanganya hata tarakimu."

"Amerogwa?" niliuliza.

"Hapana, Nana. Amezaliwa hivyo. Wako wengi."

Nikakaa juu ya kibao. Nikahesabu miaka niliyomwita mvivu. "Araba, nisamehe, mama."

"Nana, hukujua. Hata mimi nilijiita hivyo hivyo."

Mwalimu akauliza, "Una simu?"

"Ninayo. Ya kusikilizia nyimbo."

"Leo itakusomea kitabu."

Araba akatoa kitabu chake cha kujiandalia mtihani. Mwalimu akaweka programu ya kusoma kwenye simu, akakilaza kitabu penye mwanga, akapiga picha ukurasa mmoja. Mara simu ikaanza kusema! Sauti ya mwanamke, Kiingereza kitupu, na kila neno lililosomwa likawa linang'aa kwa rangi ya njano.

"Huyu mama anakimbia kama anafukuzwa na mbwa," alisema Madam.

"Tunampunguza mwendo," Mwalimu akajibu. Akabonyeza, na yule mama akaanza kusema taratibu.

Simu ilipofika kwenye jina la Mankessim, ililitamka vibaya mpaka tukashika mbavu.

"Hukosea," alisema Mwalimu. "Ikisema upuuzi, piga picha upya. Araba, macho yafuate lile neno la njano. Sikiliza kipande kifupi, simamisha, kisha kiseme kwa maneno yako. Ukishaipakua sauti, huhitaji mtandao tena."

Madam akakunja uso. "Lakini huo si wizi? Simu inamsomea!"

"Madam, wewe unavaa miwani kutunga uzi kwenye sindano. Nani amekuita mwizi?"

Madam akaivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Simu haimpi majibu," Mwalimu aliendelea. "Inamfikishia maneno tu. Kufikiri atafikiri mwenyewe."

Araba akaichukua ile sketi fupi. Akaiunga chini kwa kitambaa chekundu, kipana, chenye marinda. Mwalimu akaenda nayo mazikoni, na wanawake watatu wakamuuliza fundi wake ni nani.

Tangu siku hiyo moto wangu ulichochewa na watu wawili, Araba na yule mama wa kwenye simu. Sufuria moja iliungua. Hata mimi nikajua mshono wa kuficha ni upi.

Mwalimu hakuishia hapo. Aliandika barua mapema kwa wasimamizi wa mtihani, akaeleza shida ya Araba. Wakakubali asomewe maswali kwa sauti na aongezewe muda. Tusingeomba, wangejuaje?

Mwezi wa kumi Araba akafanya mtihani. Wiki tano baadaye bahasha ikaja. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga.

"Mwite mtu akusomee," nilimwambia.

"Sitaki mtu."

Akailaza barua kwenye kibao changu cha kenkey, akapiga picha. Tukasikia yule mama, taratibu, akitaja jina la mjukuu wangu, kisha akasema: amefaulu.

Araba akairudisha mwanzo. Amefaulu. Akairudisha tena. Ndiyo ilikuwa barua ya kwanza maishani ambayo hakuhitaji kumwomba mtu amsomee.

Siku ya kuachiliwa, Madam alimmwagia kopo zima la poda. Akawa mweupe mpaka kope. Mimi nikapiga chafya saba, nikacheza hivyo hivyo.

Kelele zilipotulia, Madam akatoa kitambaa kipya, cha rangi ya bluu na nyeupe, akamkabidhi.

"Fundi Araba, mimi ndiye mteja wako wa kwanza. Chukua futi ya kupimia."

Araba akatafuta daftari la vipimo.

"Daftari la nini?" alisema Madam. Akaitwaa ile futi, akajipima mwenyewe, akataja kwa sauti ya kusikika barabarani: "Kifua, arobaini na sita! Kiuno, arobaini, na asicheke mtu! Urefu, arobaini na mbili!"

"Nimesikia, Madam," alijibu Araba.

Nami nikaona ndio wakati wake. "Kitendawili!"

"Tega, Nana!"

"Nina uzi usiopita kwenye sindano. Unaingia sikioni, unashona kichwani."

Madam akawaza. "Waya wa simu?"

"Hapana. Nipe mji."

"Nakupa Saltpond."

"Sitaki, kuna chumvi nyingi. Araba?"

Araba akapangusa poda machoni, akacheka.

"Sauti, Nana."

Akachukua mkasi, akakata kitambaa cha Madam. Gauni alilolishona lilimkaa Madam sawasawa.