Kompyuta Isiyojua Maalish

Kila tarehe mosi ya mwezi, kabla ya kwenda shule, Mama alimtilia Nesma pauni mia tisa kwenye mfuko wake wa kalamu, akafunga zipu mwenyewe. "Ukitoka shule pita kwa Ami Hilmi, ulipe ya friji," alimwambia. Nesma alikuwa na miaka kumi na miwili, miguu myepesi na masikio mazito, kama baba yake alivyopenda kumtania. Alijibu "Sawa, Mama," mdomo umejaa mkate na maharage, akashuka ngazi mbilimbili hadi mtaani.

Friji hiyo walikuwa wameinunua kwa mkopo wa mwaka mmoja, kwa jina la Mama. Ami Hilmi alikuwa na duka la simu pale kona, na mashine ndogo ya kulipia umeme, maji na mikopo. Ikifika mchana, nusu ya mtaa ilipanga foleni mlangoni pake. Nesma aliichukia foleni hiyo kuliko hesabu za sehemu. Siku moja alichungulia, akahesabu vichwa kumi na vinne, akaenda zake kwenye mazoezi ya mpira wa mikono. Kesho yake akasahau. Alipokuja kulipa, ilikuwa tarehe saba.

"Nimechelewa, Ami?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ami Hilmi alicheka, akamkatia risiti. "Maalish, binti yangu. Kwani friji imekimbia? Si ipo jikoni?"

Mji mzima wa Mansura, huko Misri, huponywa na neno hilo. Chai ikimwagika, maalish. Basi likikuacha, maalish. Ukimkanyaga mtu kidole akakusamehe, naye husema maalish, haidhuru, yamepita. Nesma akalipenda. Mwezi uliofuata hakusahau kitu. Aliacha tu kwa makusudi, angoje foleni ipungue. Mama alipomuuliza, "Umelipa?" alijibu, "Nimelipa," na pesa bado zimelala kwenye mfuko wa kalamu. Alijiambia kwamba huo si uongo, maana atalipa tu. Lakini ulikuwa uongo, na aliurudia mara tano.

Sasa, Mama yake, Bi Inas, alijulikana mtaani kwa mambo mawili. Kwanza, biskuti zake za Idi, kahki zilizojaa tende na kunyunyiziwa sukari laini. Pili, upatu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mweka pesa wa upatu wa wanawake wa jengo lao, na hakuna hata pauni moja iliyowahi kupotea mikononi mwake.

Idi ya mwaka huo ilipopita, chama cha walimu kilimwambia kwamba Idi ijayo kinataka kilo mia mbili za kahki. Mama alishikwa na furaha hadi akaimba jikoni. Lakini oveni yake ilichukua sinia mbili tu. Alihitaji oveni kubwa ya gesi, na bei yake haikufikika bila mkopo. Akavaa kitambaa chake kizuri, akaenda benki.

"Mimi watanipa kabla sijakaa," alimwambia Baba akitoka.

Alirudi uso umemsawijika. "Wamenikataa! Kampuni mbili za mikopo nilizoziendea kimya kimya mwezi huu zilinikataa bila kusema kwa nini. Leo benki wameniambia. Eti alama yangu ya mkopo iko chini. Eti mimi, Inas, nalipa kwa kuchelewa!" Alitupa mkoba kwenye kochi. "Nimeshajua. Ni Hilmi. Namtumia pesa tarehe mosi, anazizungusha dukani kwake wiki nzima, ndipo anazipeleka. Leo atanitambua."

"Mama, subiri," Nesma alisema, lakini Mama alikwishafika ngazini. Nesma alimfuata.

Foleni ilikuwa palepale. Mama aliipita yote, akasimama mbele ya meza. "Hilmi! Pesa zangu ulikuwa unazifanyia nini?"

"Pesa zipi, Mama Nesma?" Mzee wa watu alitoa miwani. "Taratibu, watu wanasikia."

"Waache wasikie! Umenichafulia jina mpaka benki!"

Watu walianza kunong'ona. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliikunja risiti yake na kuitazama upya, kana kwamba naye ameibiwa. Kwa miaka ishirini mtaa huu ulimwamini Ami Hilmi na pesa zake, na sasa watu walikuwa wanaangaliana. Nesma aliona kwamba akinyamaza kidogo tu, mzee huyu atatoka hapo mwizi.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti. "Mama, ni mimi! Pesa nilikuwa nakaa nazo. Niliona foleni ndefu, nikawa nachelewesha. Ukiniuliza, nakudanganya."

Mama alimtazama binti yake, kisha Ami Hilmi, na machozi yakamlenga. "Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia mzee mbele ya watu walewale. "Nimekuvunjia heshima bure."

"Mimi pia nina langu," Ami Hilmi alijibu polepole. "Mtoto aliniuliza kama amechelewa, nikamchekea."

Jumapili, ambayo huko ni siku ya kazi, Mama alirudi benki, safari hii na Nesma. Ofisa wa mikopo, Bi Jihan, aliwakaribisha kwa chai, akageuza kompyuta ili waione.

"Lakini pesa zote zililipwa!" Mama alisema. "Hata pauni moja haikupungua. Siku tano, siku sita, maalish!"

"Dada yangu, kompyuta haijui maalish," Bi Jihan alisema akitabasamu. "Inajua tarehe. Tena hilo la kulipa kwa siku yake ndilo lenye uzito kuliko mengine yote."

"Na upatu wangu wa miaka kumi na miwili?"

"Huo wanaujua majirani zako. Hapa haujafika. Hapa wewe unafahamika kwa miezi kumi tu, kwa friji na hii kadi ya mkopo ya duka la nguo. Ni kama mgeni. Anayejulikana kwa miaka mingi huaminiwa zaidi." Alisogeza kidole kwenye kioo. "Na kadi yenyewe, umeruhusiwa pauni elfu tano, umetumia elfu nne na mia nane. Anayesoma anaona umefika shingoni."

"Naikata leo hii!"

"Usiikate! Punguza deni lake tu, kisha iache ikae, izeeke na jina lako. Halafu ndani ya mwezi mmoja umeomba mikopo sehemu tatu. Kila ombi huandikwa, na mtu anayebisha hodi kila mlango hutia wasiwasi."

Nesma alikuwa ameinama muda wote. "Ile ya kuchelewa naweza kuifuta?" aliuliza.

"Huwezi, mwanangu. Lakini miezi mizuri ikifuatana, ile mibaya hupungua nguvu. Lipeni kwa wakati, msiombe mkopo mwingine popote, mje miezi miwili kabla ya Ramadhani."

Tarehe mosi iliyofuata, Nesma alidhani Mama atakwenda kulipa mwenyewe. Mama alihesabu pauni mia tisa, akazitia kwenye mfuko wa kalamu kama kawaida.

"Bado unaniamini?" Nesma aliuliza.

"Kidogo," Mama alisema. "Ukirudi lete risiti, tuone kama imani itaongezeka."

Siku hiyo Nesma alikaa kwenye foleni dakika arobaini. Alichelewa mazoezi, kocha akamkimbiza raundi tano za adhabu, akazikimbia akicheka. Deni la friji lilipokwisha, akawa analipa la kadi. Risiti alizibandika ukutani jikoni, zikafika tisa, na hakuna hata moja iliyopita siku yake. Wajomba wa Nesma walipomtaka Mama achukue runinga mpya kwa mkopo, alikataa katakata.

Mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, Bi Jihan alipiga simu mwenyewe kusema mkopo umekubaliwa. Wiki mbili baadaye wanaume wanne walipandisha oveni hadi ghorofa ya tatu huku wakilaani ngazi, na Ami Hilmi nyuma yao akiwaelekeza bila kubeba chochote. Ilimeza sinia nane kwa mpigo. Harufu ya samli ikajaa jengo zima, na Mama akampa Nesma kahki ya kwanza ikiwa bado ya moto.

"Benki hawajui kama mimi ni mtu mwema," alimwambia. "Walichoona ni kwamba kila mwezi, siku iliyoahidiwa, pesa zimefika. Na aliyesimama kwenye ile foleni kwa jina langu ulikuwa wewe. Mtu akikupa jina lake ulibebe, mwanangu, lifikishe kwa siku yake. Na siku ukichelewa, sema umechelewa, usimwachie mwingine aitwe mwizi."

Nesma aliitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa.