Mama Yangu Aliniuliza, "Na Wewe Binti, Unaitwa Nani?"

Mlango ulipofunguliwa, kikapu nusura kinidondoke...

Aliyesimama mlangoni alikuwa mama yangu mzazi!

Nyuma yangu simu ya klabu inarekodi. Mbele yangu mama. Mimi katikati nimevaa kizibao cha kijani, nimekumbatia unga, mafuta na sukari za "kumsaidia mjane asiye na mtu".

Jamani, mjane mwenyewe ndiye aliyenizaa!

Nikafungua mdomo nimwite. Akaniwahi.

"Karibuni wanangu, karibuni ndani. Mungu awalipe."

Akatuangalia mmoja mmoja, taratibu. Akafika kwangu. Macho makavu kabisa, kama vile hajawahi kuniona tangu azaliwe!

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

Nikakikumbatia kikapu zaidi.

"Ha... Hasnaa," nikasema.

"Jina zuri. Mama yako alijua kuchagua."

Wapendwa, subirini nimeze mate kwanza.

Mimi ni mtoto wa mji wa Kenitra. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akanilea kwa kukaanga mikate na kuiuza asubuhi watu wakienda kazini. Wateja wote wanamwita Lalla Rukia, kwa heshima. Tuna chumba kimoja na kona ya jiko. Hatujawahi kulala njaa, ila pia hatujawahi kushiba kwa fujo.

Chuoni nikajiunga na klabu ya kujitolea, Mkono kwa Mkono. Tunapaka rangi shule, tunafundisha watoto kusoma, tunapeleka vikapu vya chakula kwa familia zenye shida. Wenzangu wengi ni watoto wa watu wenye magari. Mimi nilikuwa nashuka basi kona ya nyuma ili wasinione. Na nyumbani sikumpeleka mtu.

Isipokuwa mmoja. Nuhaila.

Nuhaila alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Kila Ijumaa anakula kwetu couscous, chembe za ngano na mchuzi wa nyama, kwenye sinia moja na mimi. Mama anamkatia nyama laini anamsukumia upande wake. Mimi wa kumzaa naachiwa karoti!

Tulienda wote mafunzo ya uongozi kule milimani. Mwalimu wa pale alikuwa na zoezi lake moja. Unafumba macho, unajiangusha kinyumenyume, mwenzako anakudaka. Nilijiangusha bila hata kufikiria, Nuhaila akanidaka. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Huyo ndiye aliyekuwa ameshika simu siku ile mlangoni kwetu.

Majira yale ya joto klabu ilikuwa inatafuta pesa za kujenga bweni la wasichana wa milimani, wale wanaoacha shule kwa sababu ya umbali. Tuliosha magari. Tuliuza tende na maji baridi. Mimi nilikuwa pwani ya Mehdia kila siku namenya matunda ya mpungate, miba imejaa vidoleni mpaka kushika kijiko ni mateso. Nilikuwa nafanya kwa moyo, sikatai. Na nilikuwa nautaka uenyekiti. Tuliobaki kwenye kinyang'anyiro ni wawili tu.

Mimi na nani? Ehee, umeshajua.

Kwenye vikapu, klabu ina utaratibu. Anayepanga safari ndiye peke yake anayejua majina ya familia. Sisi wengine tunajua gari likisimama. Eti kuwasitiri wenye nyumba. Safari ile aliipanga Nuhaila, akanipa mimi niiongoze.

Gari lilipoingia mtaa wetu, jasho likanitoka. Nikajipa moyo, labda tunaenda kwa jirani. Ilikuwa mchana wa jua kali, kila mtu kajifungia ndani, hata paka hayupo nje. Hakuna wa kuniita jina langu.

Nuhaila akashuka, akanikabidhi kikapu. "Leo wewe mbele, kiongozi." Akagonga mlango wetu.

Sasa tuendelee pale nilipowaachia.

Tukaingia. Mama amevaa kaftani yake ya Idi. Birika tayari linachemka, glasi zimepangwa kwenye sinia. Nikashangaa kidogo, alikuwa anamngoja nani? Nikatazama ukutani. Picha yangu ya siku niliyofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari haipo! Umebaki msumari.

Akatumiminia chai. Wenzangu wakapewa glasi zozote. Mimi nikapewa ile iliyofutika dhahabu ukingoni, ninayonywea tangu utotoni. Hakunitazama aliponipa.

"Mama, una mtoto?" Nuhaila akamuuliza, simu usoni kwake.

Mama akaliweka birika chini.

"Mungu ndiye anayejua," akajibu.

Nilikunywa ile chai kama nakunywa moto.

Tulipotoka nikamvuta Nuhaila nyuma ya gari.

"Umefanya nini wewe?!"

"Punguza sauti, watasikia."

"Yule ni mama yangu!"

"Najua. Nimekula kwake miaka, nitamsahau?"

"Futa hiyo video. Sasa hivi!"

"Thubutu! Hii ndiyo itaonyeshwa Jumamosi kwa wafadhili. Mama yako anawaliza watu bila hata kulia mwenyewe. Kipaji kile!"

"Nitasimama niseme mbele ya wote."

Akacheka. Wallahi alicheka!

"Useme nini? Kwamba umebeba kikapu cha klabu kwa mikono yako miwili ukakipeleka kwenu? Sheria si unaijua? Mwanachama anayeiletea familia yake kikapu anafukuzwa siku hiyo hiyo. Na kamera inakuonyesha wewe, mimi siko hata kwenye picha."

Nikanyoosha mkono kwenye simu, akaificha mgongoni.

"Nyamaza tu, shoga. Hakuna atakayejua. Jina lako litoe kwenye kura, niachie mimi. Mama yako atabaki mjane asiye na jina, na wewe utabaki Hasnaa wetu."

Akanigonga begani, akapanda gari. Mtu niliyejiangusha mikononi mwake nikiwa nimefumba macho!

Nyumbani siku zile tuliishi kama wapangaji wawili. Mama hakusema kitu. Mimi sikusema kitu. Nilijua amejifanya hanijui ili kuniepusha na aibu, kwamba alisoma uso wangu pale mlangoni akaniokoa papo hapo. Kila nikitaka kumshukuru, naishia kuomba chumvi. Kikapu kilikaa kona ile ile, kamba haijafunguliwa. Picha yangu haikurudi ukutani, na mimi nikaogopa kuuliza.

Jumamosi alasiri ikafika, siku ya wafadhili na ya kura. Ukumbi wa hoteli, mazulia, keki za lozi, wafadhili na wake zao. Jina langu nilikuwa sijalitoa. Nilikaa safu ya nyuma najiambia, vumilia Hasnaa, ni dakika chache tu, wasichana watapata bweni.

Taa zikazimwa. Uso wa mama yangu ukajaa ukuta mzima.

Mikunjo yake, jino lake lililovunjika, chumba chetu, godoro letu tulilolikunja kona... Watu wanatikisa vichwa. Mwanamke mmoja mbele yangu akamnong'oneza mumewe, "Maskini, angalia anavyoishi."

Nuhaila akashika kipaza sauti, sauti ya asali.

"Wapendwa wafadhili, mama huyu hana mtu duniani. Hana mume, hana mtoto, hana wa kumshika mkono..."

Hapo sasa! Vyote ningevumilia. Eti hana mtoto?!

"ANAYE!"

Nilishtukia nimeshasimama. Ukumbi mzima ukageuka.

"Ana mtoto. Ni mimi! Huyo ni Lalla Rukia, mama yangu. Anakaanga mikate kila alfajiri, na kwa mikate hiyo mimi nimefika chuo. Kuna mtu ana swali?"

Uso wa mama bado umejaa ukutani.

Nuhaila akaweka mkono mdomoni, utadhani ndiyo kwanza anasikia.

"Hasnaa... kumbe vikapu ulikuwa unapeleka kwenu?!"

Minong'ono ikapanda. Mtu nyuma akasema, "Kumbe ndiyo maana anajituma!" Nilitamani nimrukie.

Ilyasi, mwenyekiti anayemaliza muda wake, akaja mpaka nilipokuwa.

"Ni kweli yule ni mama yako?"

"Ni kweli. Lakini aliyepanga safari ni..."

"Sheria ni sheria, dada. Vua kizibao."

Nikavua. Vidole vyangu vyenye miba vikapambana na vifungo mbele ya umati ule, hakuna aliyenisaidia. Bibi mmoja mfadhili alisimama akafoka, "Zimeni hiyo picha ya mama wa watu!" ndipo wakazima.

Nikiwa mlangoni natoka nikasikia makofi. Nuhaila kapita bila kupingwa.

Njia nzima nalia, ila ndani yangu kuna kitu kimenyooka. Nilijua nikifika nitamkumbatia mama nimwambie nimemtaja mbele za watu. Kwamba asijifanye tena.

Nikamkuta anakanda unga.

"Mama! Nimewaambia wote. Nimesema wewe ni mama yangu!"

Mikono yake ikasimama juu ya unga. Badala ya kufurahi, akashtuka!

"Umesema? Kwa nini, mwanangu? Sasa kura zako je?"

"Kura... umejuaje habari za kura?"

Akanitazama kama ananionea huruma.

"Nuhaila si ulimtuma wewe?"

"Nilimtuma wapi?"

"Alikuja hapa siku moja uko pwani. Akasema unaona aibu kuniambia mwenyewe. Kwamba mtakuja na kamera, na wenzako wakijua wewe ni mtoto wa muuza mikate hawatakupa uongozi. Kwa hiyo nisikuite mwanangu. Na picha yako niitoe ukutani."

Nikageuka kuutazama ule msumari mtupu.

"Akasema nisikuulize wala nisikutajie, utaumia," mama akaendelea, macho kwenye unga. "Nikasema sawa. Nikajizoeza mbele ya kioo. Mwanzo nilikuwa nashindwa, sauti inakatika kwenye 'unaitwa nani'. Baadaye ikatoka vizuri."

Akainua macho.

"Nilifanya vizuri, Hasnaa? Au nilikosea mahali?"

Jamani...

Jamani, jamani, jamani!

Nilianguka pale pale kwenye unga. Nikamshika miguu nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Sikumtuma mama! Wallahi sikumtuma! Sijawahi kusema hivyo mimi!"

"Hukusema?"

"Sikusema!"

Akakaa chini taratibu. Akajifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Ndipo nikaona machozi ambayo kamera yao yote haikuyapata.

"Na wewe ukaamini, mama?"

Akakung'uta unga magotini.

"Nilisema moyoni, ni vijana wa chuo. Nilisema, kama itamfaa mwanangu, mimi ni nani nikatae."

Wasomaji wangu, mimi uenyekiti sikuulilia. Kizibao sikukililia. Watu waniite mwizi wa vikapu, wakishiba wataacha. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba Nuhaila aliingia jikoni kwetu, akakaa kwenye mkeka wetu, akamwambia mama yangu kwamba namkana. Na mama akalala na maneno hayo, akaamka nayo, akanikaangia mkate na kuniwekea asali juu, akijua mtoto wake anamwonea aibu!

Huo ndio usaliti. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Sasa nisikilizeni, nyie wa klabu na nyie msio wa klabu. Mkipeleka kikapu kwa mtu, zimeni simu. Yule unayemrekodi ni mama wa mtu, na huyo mtu pengine umekaa naye safu moja.

Na wewe unayesoma hapa ukijifuta machozi, mwambie mama yako leo, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba unajivunia yeye. Usiache nafasi wazi mpaka mtu mwingine aende kumwambia vinginevyo. Mimi niliiacha wazi, nikidhani mama anajua tu.

Kikapu nilikirudisha kwa Ilyasi, kamba yake vilevile. Alifungua mdomo, nikamwachia mlangoni nikaondoka. Nuhaila juzi kanitumia ujumbe, "Shoga, yaishe, Ijumaa nije?" Nimemzuia asinipate tena. Hiyo nyama laini sasa naila mimi!

Picha yangu imerudi ukutani, nimeipigilia mwenyewe kwa misumari miwili.

Na mama, huyu mama, kaugeuza mchezo. Kila nikirudi nyumbani anasimama mlangoni, anakunja uso, anauliza:

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

Mara ya kwanza tulilia wote. Siku hizi tunacheka mpaka mkate unaungua. Najibu kwa sauti, mtaa mzima usikie:

"Mtoto wa Lalla Rukia!"