Yai la Tata

"Sikumwaga makusudi," alisema Kokugonza, miguu ikinuka pombe ya ndizi.

"Kibuyu kina tumbo kubwa kuliko langu, nawe hukukiona?" aliuliza Tata, yaani baba yake, Rugambwa. "Jana jioni ulimwamkia mbuzi ukidhani ni shangazi yako."

"Na mbuzi aliitikia vizuri kuliko shangazi," alisema Bibi.

Mama yake, Adventina, hakucheka. Mchana Kokugonza aliona hata sisimizi. Jua likizama tu, alipapasa kuta. Tata alishapata jibu: vitabu vimemharibia macho. Jumatatu haendi shule. Atabaki hapa Izigo kupalilia migomba.

Kokugonza alilia mpaka asubuhi, Mama alipomfunga kitenge na kumpeleka Kemondo kwa dresa, kama walivyoitwa waganga wa zahanati wakati wa Waingereza.

"Unakula nini?" aliuliza dresa.

"Ndizi na maharage."

"Mboga za majani?"

"Bibi anasema majani ni ya mbuzi."

"Mayai? Maini?"

Kokugonza alimshangaa. Mtu mzima hajui kwamba hivyo ni vya wanaume?

"Mwili wako umekosa vitamini A," alisema dresa. "Ndiyo inayosaidia jicho kuona penye giza. Ikikosekana, kwanza jioni huoni. Ukiendelea hivyo, macho hukauka, na mwisho hata mchana huoni. Vitabu havina kosa."

Jioni hiyo Tata aliketi mbele ya yai lake la kuchemsha. Mama akamweleza yote, bila kupunguza neno.

"Msichana akila yai hataolewa," alisema Bibi.

"Asipoona njia, atafikaje kwa huyo mume?" aliuliza Mama. "Jicho halijui chakula cha mwanamume wala cha mwanamke. Linajua limeshiba au lina njaa. Na kuanzia kesho mbuzi atafute majani kwingine. Mchicha ni wetu."

Tata alilitazama yai, akamtazama binti yake, akamsogezea sahani.

"Kula. Jumatatu uende shule."

Kokugonza alikata nusu akala papo hapo. Bibi akainuka kwa hasira, akatoka, akagonga nguzo ya mlango.



"Nguzo imesogea," alisema Bibi.

Mama alimshika mkono, akamketisha, akampa nusu iliyobaki. Bibi aliitafuna polepole, kisha akauliza chumvi iko wapi.

Ilikuwa mbele yake.